Mwongozo kamili wa kujiandaa na mtihani wa mpima ardhi, kwa sisi wa Arusha na Moshi tunaosoma huku tunapiga kazi

Huu mwongozo ni kwa yule ambae chuo ameshamaliza, iwe Chuo Kikuu Ardhi au ameanzia vyuo vya ardhi vya Morogoro au Tabora akapanda ngazi, amekaa kwenye kampuni pale Arusha au Moshi miaka kadhaa, totalstesheni (mashine ya kupima pembe na umbali) anaiseti kabla wenzake hawajashusha miguu mitatu kwenye gari, afu sasa anaambiwa muda umefika wa kukaa mbele ya Baraza la wapima ili awe mpima kamili mwenye haki ya kusaini. Ghafla anaanza kutafuta pepa za zamani kwenye magrupu ya Wasap saa sita usiku.

Ninavyoona mimi kinachowaangusha watu sio ugumu wa hesabu. Ni kwamba miaka yote wamebonyeza na mashine ikawajibu, hakuna aliewahi kuwauliza kwa nini. Mtihani wa leseni kazi yake ndo hiyo, kuuliza kwa nini, kwa sababu ukishapewa saini yako inaenda kukaa kwenye ramani ambayo mtu atakopea benki na mwingine atashtakiwa nayo. Kwa hiyo mbinu yangu ni moja tu, soma kwa kutumia kazi zako mwenyewe ulizozifanya hapahapa, usisome kama mwanafunzi wa mwaka wa pili anaekariri fomula.

Hatua ya 1: Jua unagonga mlango upi

Watu wanachanganya usajili na leseni. Usajili ni wa taaluma, uko chini ya Baraza la Taifa la Wapima ambalo wengi tunaliita NCPS, na mzizi wake ni Sheria ya Usajili wa Wapima ya 1977, Sura ya 270. Hapo zamani wathamini nao walikuwa chini ya paa hilohilo mpaka walipopata sheria yao 2016. Leseni ni habari ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, yaani ile inayosema nani anaruhusiwa kupima ardhi na ramani yake ikapokelewa serikalini, na humo ndo utakutana na mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Hizi sheria mbili zisome neno kwa neno, sio ndefu, na usikubali kuingia mtihanini hujui Baraza linaweza kukufanya nini ukiharibu.

Masharti, fomu, ada na tarehe zichukue kwa Baraza lenyewe. Sikiliza, usichukue kwenye skrinishoti ya mwaka juzi, hivi vitu vinabadilika na mtu anakosa awamu nzima kisa kiambatisho kimoja.

Logibuku yako ianze leo kama hujaanza. Kila kazi andika tarehe, mahali, ulifanya nini kwa mkono wako, na bosi wako asaini wiki hiyohiyo. Ukisubiri miaka miwili ndo umfuate na rundo la karatasi utakuta keshahamia Dodoma, au hakumbuki, au mmegombana.

Hatua ya 2: Chagua kazi tano kwenye mafaili yako

Hii ndo hatua nnayoiamini kuliko zote na ndo watu wanairuka. Toa kazi tano ulizoshiriki toka mwanzo mpaka mwisho, na ziwe za aina tofauti: moja ya viwanja vya mjini (tuseme Olasiti, Muriet au Pasua), moja ya shamba kubwa, moja ya mlimani kwenye vihamba (mashamba ya ukoo ya Wachaga), moja ya ardhi ya kijiji, na moja ya uhandisi, barabara au leveli ya bomba la maji.

Kwa kila moja andika ukurasa mmoja, kwa kalamu. Kontroo (pointi za msingi zenye vipimo vinavyojulikana) ulianzia pointi ipi na ulijuaje kwamba haijahamishwa. Datumu gani (msingi ambao koordineti zinahesabiwa toka kwake). Mpaka alikuonyesha nani, na majirani walikuwepo? Ulifunga wapi, yaani ulimalizia kwenye pointi ipi inayojulikana, kosa la kufunga lilikuwa kiasi gani na lilikuwa ndani ya kiwango kinachotakiwa? Bikoni (alama za kona za kiwanja) uliziweka za aina gani na kwa nini pale. Mchoro wa mipango miji ulikubaliana na ardhi au kuna sehemu ulikuta nyumba ya mtu katikati ya barabara ya mchoroni? Mliamua nini?

Kuna maswali utakwama. Hapo ulipokwama ndo silabasi yako ilipo, ziweke alama nyekundu na hizo ndo usome kwanza.

Hatua ya 3: Hesabu, lakini zishushe kwenye udongo wa huku

Anza na datumu na projeksheni (jinsi dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye karatasi) kwa sababu hapa ndo vijana wengi wa GNSS, yaani vipimo vya setilaiti, ni weupe kabisa, rova (kipokezi cha setilaiti) inaonyesha namba, anaichukua, basi.

Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, inayotumia elipsoidi (umbo la dunia lililobapwa kidogo) ya Clarke 1880, nusu kipenyo cha ikweta mita 6,378,249.145, ubapa 1 kwa 293.465. Mashine yako ya setilaiti inafikiri kwa WGS84, 6,378,137 na 1 kwa 298.257. Na kuna fremu mpya ya taifa, TAREF11. Ukichukua koordineti za WGS84 ukazipachika juu ya ramani ya Arc 1960 bila kubadilisha, ukanda wetu huu utakosea kama mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 90 mashariki-magharibi, yaani Njiro umeshatoka kwenye kiwanja cha mteja na umeingia mtaa mwingine. Jifunze ni kwa nini inatokea, vigezo vya kubadilisha vinatoka wapi, na utahakiki vipi kwa kwenda kusimama kwenye pointi ya zamani inayojulikana kabla hujaanza kazi.

Pili kanda za UTM, ile projeksheni inayoikata dunia vipande vya nyuzi sita sita. Arusha mjini iko kama nyuzi 36.7 mashariki na Moshi kama 37.3, zote kanda ya 37 Kusini yenye meridiani ya kati nyuzi 39. Ila ukitoka Makuyuni kuelekea Mto wa Mbu unavuka nyuzi 36, unaingia kanda ya 36 ambayo meridiani yake ya kati ni 33, na namba yako ya mashariki inaruka toka kwenye 166,000 na ushee mpaka 833,000 na ushee. Mtu akikupa kazi ya barabara ya kwenda Karatu lazima ujue utafanyaje na huo mpaka, na hili ni swali zuri sana la mtihani kwa sababu linampima mtu anaeelewa, sio anaekariri.

Sasa skeli, na hapa naomba uchukue kalkuleta kabisa. UTM kwenye meridiani ya kati skeli (umbali wa gridi ya ramani gawanya kwa umbali wa usawa wa bahari) ni 0.9996, na kadri unavyoondoka pale inapanda. Arusha iko mbali na nyuzi 39, karibu nyuzi 2.3, hivyo skeli imeshapita 1 na kufika kama 1.0004. Afu mji uko juu, tuseme mita 1,400, na kushusha umbali mpaka usawa wa bahari unazidisha kwa 6,371,000 gawanya kwa 6,372,400, unapata 0.99978. Zidisha hizo mbili, jibu ni karibu 1.0002. Maana yake kilomita moja uliyoipima chini kwa prizma pale Arusha, kwenye gridi inakuwa mita 1,000.20.

Nenda Moshi sasa. Nyuzi 1.66 tu toka kwenye meridiani ya kati, skeli ni kama 1.00002, kimo tuseme mita 850, kipengele cha kimo 0.99987, ukizidisha unapata karibu 0.99989. Kilomita moja ya chini inakuwa mita 999.89 kwenye gridi. Umeona hiyo? Arusha unaongeza sentimita 20, Moshi unapunguza sentimita 11, na ni mwendo wa basi wa saa mbili hivi. Mtu alieambiwa chuoni kwamba "gridi siku zote ni fupi kuliko chini" atakosa hapo, na mtu aliezoea kuacha skeli 1.0000 kwenye mashine atafunga trevesi yake (mlolongo wa pembe na umbali) toka pointi ya serikali mpaka pointi ya serikali afu ashangae kosa limetoka wapi wakati pembe zake ziko safi.

Fanya hesabu hiyo kwa kila moja ya kazi zako tano. Ukimaliza hutaisahau tena maisha yako.

Trevesi fanya kwa mkono, sio kwa programu, mpaka mkono uchoke. Mfano mdogo: poligoni ya pembe tano, jumla ya pembe za ndani lazima iwe nyuzi 540, ukipata 540 na sekunde 25 unatoa sekunde 5 kila pembe. Jumla ya urefu mita 1,240, ukijumlisha tofauti za mashariki unabakiwa na +0.06, za kaskazini -0.08, basi kosa la kufunga ni mzizi wa 0.0036 kujumlisha 0.0064, yaani 0.10, na uwiano ni 1 kwa 12,400. Kwa Bowditch, yaani kugawa kosa kwa urefu wa kila mguu, mguu wa mita 310 ni robo ya urefu wote, unapata robo ya marekebisho: mashariki -0.015, kaskazini +0.020. Hizi ishara ndo zinaua watu! Marekebisho siku zote yanapingana na kosa. Na ujue kueleza Bowditch anadhania nini (kwamba makosa ya bahati nasibu ya pembe na ya umbali yako sawasawa, na yanakua kwa urefu wa mguu), kwa sababu ukishaandika namba utaulizwa kwa nini hukutumia lisit-skwea (njia ya kusawazisha vipimo vyote kwa pamoja).

Umbali wa mteremko nao usiudharau. Kibosho au Marangu juu, umbali wa mteremko 84.360, pembe wima nyuzi 11, mlalo ni 84.360 mara kosaini 11 sawa na 82.810. Mita moja na nusu imeyeyuka. Wapo mafundi wa tepu huko mlimani wanauza kihamba kwa kulaza tepu juu ya majani ya mteremko, ukija wewe na mashine eneo linapungua na mteja anasema umemuibia. Jiandae kulieleza hilo kwa bibi wa miaka sabini na pia kwa mtahini, maelezo ni yaleyale ila lugha tofauti.

Leveli: jua jaribio la vigingi viwili kwa moyo. Weka leveli katikati ya A na B, umbali mita 60, ukasoma 1.482 na 1.237, tofauti ya kweli ni 0.245 kwa sababu kosa la mstari wa kulenga limejifuta. Sogea karibu kabisa na A, ukisoma 1.560 pale basi B ingetakiwa isome 1.315. Ikisoma 1.327 mstari wako unapanda milimita 12 kwa mita 60. Toka hapo jibu la "kwa nini unasawazisha umbali wa nyuma na wa mbele" linajileta lenyewe, pamoja na lile la mkunjo wa dunia na kupinda kwa mwanga, ambalo ni kama sentimita 6.7 kwa kilomita ya kwanza na linakua kwa skwea ya umbali.

Vimo vya GNSS. Mashine inakupa kimo juu ya elipsoidi, mhandisi wa maji anataka kimo juu ya usawa wa bahari, na kati yao kuna jiodi, yaani uso wa usawa wa bahari ukiupitisha mpaka chini ya nchi kavu. Huku kwetu tofauti inazidi mita kumi, na kimo cha elipsoidi ndo kidogo. Mfano wa kuongelea tunao kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu: Kilimanjaro mita 5,895 ni kipimo cha enzi za Mwingereza, 1999 walipopima kwa GPS wakapata kama 5,892, na hawakupata hiyo kwa kusoma tu skrini, ilibidi wahangaike na jiodi kwanza. Mlima haujasinyaa. Mtahini akikuuliza kuhusu vimo ukajibu kwa mlima huo utakuwa umejibu vizuri kuliko kukariri herufi h, H na N (kimo cha elipsoidi, kimo cha usawa wa bahari na tofauti yao).

Eneo kwa koordineti ni la dakika tatu ukilizoea. Ila kwanza toa namba kubwa. Kama viwanja vyako viko mashariki 243,000 na kaskazini 9,627,000, toa hizo ubaki na mabaki, la sivyo kalkuleta inakula desimali zako. Jaribu hiki: (12.00, 8.00), (14.50, 33.00), (39.00, 31.00), (37.00, 6.50), mashariki kwanza. Ukipata mita za mraba 616.5 uko sawa, ukipata hasi umezunguka kulia, sio dhambi, ondoa alama.

Vilivyobaki, mikunjo ya barabara, ujazo wa udongo, picha za anga na droni, soma kwa kiasi chake. Droni ujue angalau kwamba pointi za ardhini za kuhakiki sio zilezile za kurekebishia.

Hatua ya 4: Sheria, na sio kukariri namba za vifungu

Pakua sheria kutoka TanzLII (tovuti ya sheria za Tanzania), bure, na angalia toleo. Kuna matoleo yaliyorekebishwa ya 2002, 2019 na la 2023, na mtu anaesoma fotokopi ya kaka yake atajibu kifungu ambacho kimeshabadilika.

Orodha yangu ni hii: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Sheria ya Upimaji Ardhi, Sheria ya Usajili wa Ardhi Sura ya 334, Sheria ya Mipango Miji na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi zote za 2007, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 pamoja na marekebisho ya 2021 yaliyoliacha baraza la kata na usuluhishi tu. Ongeza Sheria ya Mazingira ya 2004 kwa ajili ya mita 60 za kingo za mito na maziwa, na Sheria ya Barabara ya 2007 kwa ajili ya hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande toka katikati kwa barabara kuu na za mkoa.

Usisome kama wakili. Soma kama mtu aliesimama saiti. Mteja ana ekari zake kando ya mto Themi, anataka vikatwe viwanja, je zile mita 60 unazionyeshaje kwenye ramani na unamwambia nini kuhusu eneo atakalolipia? Mwekezaji anataka hekta 300 za kijiji kule Monduli, nani mwenye mamlaka? Hapa kumbuka kiwango cha hekta 250: mpaka hapo mkutano mkuu wa kijiji ndo unaridhia au kukataa ardhi kuhamishwa kwenda ardhi ya jumla, ikizidi hapo ni Waziri. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, watatu wanawake, kazi yake usuluhishi. Ardhi imegawanyika ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi, na yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo kwenye mtihani usije ukaandika mteja "anamiliki ardhi milele", ana haki ya kumiliki kwa muda, mara nyingi 33, 66 au 99.

Kitu cha kukaa nacho muda mrefu ni ushahidi wa mpaka. Bikoni ya asili iliyo mahali pake haijaguswa ina nguvu kuliko umbali ulioandikwa kwenye ramani, na umbali una nguvu kuliko eneo. Ndo maana mpima mzuri anachimba kwanza kabla hajaanza kustekiauti (kuweka chini) bikoni mpya kwa koordineti. Kijana anafika Sakina, rova inamwambia bikoni iko sentimita 40 kulia, anapiga zege jipya, wakati ya zamani iko chini ya maua ya mama mwenye nyumba. Sasa kiwanja kina bikoni mbili kwenye kona moja na kesi ya miaka mitano.

Na kule mlimani mpaka ni masale, ile mimea inayopandwa mpakani. Kila Mchaga anajua isale likipandwa mpakani haling'olewi hovyo, wazee walishuhudia, na mfongo (mfereji) wa maji unapita kihamba cha huyu kwenda cha yule kwa haki ya tangu mababu. Wewe unaekuja na mpaka wa koordineti lazima uweze kueleza tofauti ya mpaka wa jumla unaofuata kitu kinachoonekana na mpaka ulioainishwa kwa vipimo, unauhamishaje mmoja kuwa mwingine bila kumdhulumu mtu, saini za majirani unazichukuaje, na ule mfongo unauonyesha vipi ili kesho mnunuzi asiuzibe. Swali la namna hii likija, mtu wa Moshi anatakiwa apate maksi zote.

Hatua ya 5: Maadili, hapa ndo pa kuwa makini

Maswali ya maadili yanaonekana mepesi ndo maana watu wanayajibu kama mahubiri. "Nitakuwa mwaminifu." Sawa, lakini utafanya nini?

Chukua visa hivi ukae na wenzako mvibishanie. Jamaa asie na leseni amepima viwanja 40 Ngaramtoni, anakuja na pesa nzuri anataka usaini tu, data zote anazo. Mteja wako wa siku nyingi anakwambia bikoni isogee mita moja, jirani yuko Dar hatajua. Ndugu wawili wanagawana kihamba, mmoja ndo anakulipa, ukagundua mgawo unamminya dada yao ambae hakuitwa kikaoni. Umegundua kwamba ramani iliyoidhinishwa, uliyoisaini wewe, ina kosa.

Jibu linalotakiwa lina ngazi: unasimamisha nini, unaandika nini, unamjulisha nani kwa mpangilio gani, na unaweka wapi kumbukumbu. Kwenye kile cha kwanza jibu sio "nitakataa" tu, na pia sio "nitaangalia data zake". Saini yako inasema kazi imefanyika chini ya usimamizi wako, hukuwepo, hujui alianzia pointi gani. Ukitaka kumsaidia mnarudi saiti pamoja, kazi inafanywa upya kwa jina lako na unalipwa kwa hiyo. Kukodisha muhuri kupo, sote tunajua, na mtahini nae anajua, usijifanye hujawahi kusikia.

Hatua ya 6: Ratiba ya mtu mwenye kazi

Usijidanganye utasoma masaa manne kila usiku baada ya kutoka porini Longido umejaa vumbi. Tumia majira. Masika, Machi mpaka Mei, kazi za saiti zinapungua na matope hayaruhusu gari, hapo ndo pa kubanana na hesabu na sheria. Kiangazi wewe ni wa saiti, basi soma kidogokidogo: asubuhi lisaa limoja kabla ya kazi, ukiwa saiti uliza swali moja la "kwa nini" na ulijibu kwenye daftari kabla hamjapaki mashine.

Maktaba za mkoa zipo, Arusha ipo na Moshi ipo, kimya na bei ya soda. Kundi la kusoma liwe watu watatu mpaka watano, likizidi hapo linakuwa kijiwe. Na mtafute mpima mmoja mzee aliewahi kutumia theodolaiti na cheni, mnunulieni chai, wale wanajua mambo ambayo kwenye vitabu hayamo.

Hatua ya 7: Mazoezi ya mdomo

Jiandae kwa karatasi na kwa mdomo vilevile, maana mbele ya jopo hakuna kufuta. Weka zile kurasa zako tano mezani, mwenzako achague moja akubane dakika ishirini. Mtu mzuri zaidi wa kukubana sio mpima, ni wakili, kama una rafiki wakili pale mjini mwombe akuhoji kama uko kizimbani: "Mpima, ulijuaje hiyo pointi haikuhamishwa?" Ukijibu "mashine ilikubali" atakumaliza, afadhali akumalize yeye.

Kiingereza kinasumbua wengi, tuseme ukweli. Kazi tunaongea Kiswahili, mtihani na ripoti ni Kiingereza. Kwa hiyo maelezo ya zile kazi tano yaandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, na uyaseme kwa sauti. Usitafute maneno makubwa. Na ukiulizwa kitu usichokijua sema hukijui na useme ungekitafuta wapi, sheria ipi, ofisi ipi, kuliko kuanza kuzungusha.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho na chumba cha mtihani

Kama mtihani uko nje ya mkoa, panda basi siku mbili kabla, usifike usiku wa kuamkia. Vyeti halisi beba kwenye begi la mkononi sio buti ya basi. Kalkuleta iwe ile uliyofanyia mazoezi na isiwe ya kuprogramu, betri mpya, na kabla hujagusa swali hakikisha iko kwenye digrii, kuna watu wamepoteza karatasi nzima kwa sababu ilikuwa kwenye gradi au redieni.

Ukipewa karatasi gawa muda kwa maksi. Swali la maksi 20 kwenye karatasi ya maksi 100 na saa tatu ni dakika 36, zikiisha hama. Andika fomula, weka namba, andika jibu na kipimo chake, afu mstari mmoja wa kuhakiki, mfano jumla ya pembe au jumla ya tofauti za kaskazini, kwa sababu hata ukikosea kujumlisha mtahini anaona unajua kujikagua na maksi za njia unapata. Chora mchoro kwa kila swali la saiti hata kama hukuombwa, kaskazini ielekee juu, na usisahau kuandika datumu na kanda pembeni.

Matokeo yakitoka na kama kuna karatasi umebaki nayo, fungua tena zile kurasa tano uangalie alama nyekundu ambazo hukuzifuta, anzia hapo. Kama umepita, ombi la leseni lipeleke mapema, na muhuri ukishauchonga uufungie kwenye droo yenye ufunguo ambao unao wewe tu, sio sekretari wala fundi wako wa michoro.